Nilitabiri Mwaka 2025 Nikiwa Nimekalia Figa la Mama Gaudensia

Vijana wangu wa mipango, ninyi mnaoandika sasa hivi jinsi bonde la Kilombero litakavyokuwa mwaka 2050, naomba nicheke kidogo kabla sijaanza. Siwacheki ninyi. Najicheka mwenyewe, kwa kuwa kazi hiyo hiyo niliifanya kabla yenu, serikali ikanilipa mshahara kwa kuifanya, na mwaka nilioutabiri umeshafika ukanikuta nimestaafu, nimeota kitambi, natafuta miwani niliyoivaa.

Mwaka 1994 ofisi yetu ya Ifakara ilitakiwa kuandika ripoti ya mwelekeo wa bonde kwa miaka thelathini ijayo. Katika maafisa wote pale nilikuwa peke yangu niliyetoka chuo kikuu karibuni, nina shahada ya jiografia na shati jeupe la kuendana nayo. Kazi nikapewa mimi. Niliandika kwamba ifikapo mwaka 2025 kila kijiji kitakuwa na nguzo za simu, na mwenyekiti wa kijiji atakuwa na simu yake juu ya meza, yenye waya. Niliandika kwamba jembe la mkono litabaki kwenye makumbusho. Niliandika kwamba mbu watakuwa habari ya vitabuni, na sentensi hiyo niliiandika kitandani, mchana wa jua kali, nimejifunika mablanketi mawili, natetemeka kwa malaria. Jambo moja sikuliandika kwenye ripoti ila nilimwandikia mama yangu kwa barua: kwamba mwaka huo mimi nitakuwa Katibu Mkuu wizarani.

Simu ilikuja haina waya. Jembe lipo. Mbu wapo, na juzi mmoja aliniuma kwenye kope. Katibu Mkuu ni mtu mwingine.

Hayo ni makosa ya kuchekesha, na mtu anayetabiri lazima awe nayo ya kuwachekesha wajukuu. Lakini ndani ya ripoti ile kulikuwa na sentensi moja fupi ambayo haikuhusu mwaka 2025. Ilihusu siku ile ile niliyoiandika, na mahali pale pale nilipokuwa nimekaa. Mshtuko wake haujanitoka mpaka leo.

Nilikwenda kijijini mwezi wa Septemba. Jina la kijiji sitalitaja, maana wapo wanaonikumbuka. Mjue tu kwamba kiko njia ya kwenda Namawala, kimekaa mahali palipoinuka, na mbele yake bonde linashuka polepole mpaka mtoni, tambarare, macho yanachoka kabla hujaona mwisho. Septemba ni mwezi mtamu kwa afisa. Barabara imekauka, baiskeli inapita kila mahali, na wanakijiji wote wako nyumbani. Wanaezeka nyumba, wanaoza mabinti, wanapika pombe. Ukiitisha mkutano wanajaa.

Walijaa darasani mpaka wengine wakachungulia madirishani. Mimi nikasimama mbele ya ubao.

"Ndugu zangu," nikasema, kwa ile sauti ya mtu ambaye shahada yake bado ina harufu ya wino, "miaka thelathini kuanzia leo, hapa kwenu kutakuwaje?"

Walitazamana. Halafu mzee mmoja nyuma akauliza, "Kwani wewe utakuwepo?"

Darasa likaangua kicheko. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ludovick, mtu mrefu mpole aliyekuwa akiongea kama anaogopa kuamsha mtoto, aliniokoa. Alisema anaona kutakuwa na umeme. Mwingine akasema wajukuu watakuwa hawajui lugha yao ya Kindamba. Mwingine akadakia, "Watakuwa hawajui hata shikamoo!" Nikaandika yote. Halafu akanyoosha mkono na kusimama mama mmoja aliyekaa sakafuni karibu na mlango, mjane wa kama miaka hamsini, amejifunga khanga mbili, mikono yake imekomaa kama ya fundi seremala. Huyo ndiye Mama Gaudensia.

"Mimi naona matatu," alisema. "Ng'ombe watakuja wengi, kuliko tulivyowahi kuona. Mto utapungua. Na ninyi mtarudi na karatasi nyingine, mtuulize hayo hayo."

Watu wakacheka tena, safari hii kwa kunionea huruma. Nikamwuliza kama ana la kuongeza kuhusu maendeleo.

"Mwanangu, umetuuliza habari ya miaka thelathini. Ya mwezi wa tatu hujauliza. Uje Machi, ndipo utatuona."

"Machi barabara haipitiki, mama," nikamjibu.

"Ndiyo hivyo," alisema, akaketi.

Pembeni ya daftari langu niliandika: *maoni ya kawaida*. Daftari ninalo. Mwandiko ni mzuri sana.

Kesho yake ilibidi nione bonde. Mzee Ludovick aliniambia nisubiri, akitoka kanisani tutakwenda wote, atanionyesha. Nilikuwa na vijiji vingine vinne vya kumaliza wiki ile, nikamshukuru, nikapanda baiskeli nikashuka peke yangu. Somo la kwanza, kama mnaandika: afisa anayekataa kusubiri mwenyeji atoke kanisani ameshaanza kukosea, hata kama bado hajafungua daftari.

Bonde lilikuwa jeusi. Moto wa kiangazi ulikuwa umepita, umeteketeza nyasi na mabua, na ardhi imepasuka mipasuko ya kuingia mkono. Nilikwenda saa mbili nzima. Hakuna nyumba, hakuna mtu, hakuna hata mbuzi. Hapa na pale niliona vilima vidogo vya udongo, nikavihesabu kuwa vichuguu. Jua lilipopanda nikatafuta mahali pa kupumzika, nikaona juu ya kilima kimoja mawe matatu yamekaa pamoja. Nikakalia moja. Nikanywa maji, nikala biskuti, nikatoa penseli yangu nyekundu ya ofisi, na hapo hapo, juu ya lile jiwe, nikaandika ile sentensi: *Eneo lote kutoka kijijini hadi mtoni ni wazi, hakuna makazi wala matumizi ya watu.*

Sasa subirini. Mimi nimezaliwa Iringa. Kwetu jiwe ni kero. Liko mlangoni, liko shambani, unalikalia, unalipiga teke, humwulizi mtu limetoka wapi. Kilombero bondeni hakuna jiwe. Ni udongo mtupu ulioletwa na mto. Unaweza kutembea kutwa nzima usipate hata kokoto ya kumtupia ndege. Jiwe ukilikuta kule, kuna mtu alilibeba kichwani kutoka kijijini. Mimi nilikuta matatu, yamepangwa, yana masizi upande wa ndani. Nikakalia moja nikaandika kwamba hakuna watu.

Nikiwaeleza wanangu habari hii, huwa naacha hapo kwanza ili wanitukane kimoyomoyo.

Ofisini kulikuwa na mchora ramani, Mzee Kasiani, Mpogoro wa Mahenge, Mkatoliki wa kufunga Kwaresima yote bila kumwambia mtu. Ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa kwa cheo mimi nilikuwa juu yake. Alikuwa anachonga penseli kwa wembe mpaka ncha inakuwa kama mwiba wa samaki, na rangi alizipaka kwa mduara, mduara, bila kuacha mstari. Alinipa maneno ambayo ningeyasikia ningekuwa nimejiokoa: "Msomi, rangi ikishakaa kwenye karatasi watu wanaiamini kuliko wanavyokuamini wewe. Kwa hiyo fikiri kabla sijapaka."

Alipofika kwenye bonde letu akainua kichwa. "Hapa nipake nini?"

"Njano. Ardhi ya akiba."

"Ulikwenda mwezi gani?"

"Septemba."

Akaendelea kuchonga penseli ambayo ilikuwa imeshachongoka. "Septemba hata mimi siko bondeni," alisema.

"Basi tunakubaliana, mzee," nikasema. Akapaka njano.

Miaka baadaye nilimwuliza kwa nini hakuniambia wazi. Alisema, "Nilikuambia. Ulikuwa na haraka ya kufika mwaka 2025."

Ripoti ilichapwa kwa stensili, ikatolewa nakala, ikapelekwa mkoani na kwingine ambako nakala huwa zinakwenda. Mkuu wa idara alinisifu mbele ya wenzangu. Alisoma kwa sauti sehemu niliyotabiri kwamba watu wote watakuwa wamehamia mjini au kando ya barabara, na bonde tupu litasubiri mashine kubwa. Nilinunua shati jingine jeupe.

Mwezi wa pili mkuu akaniita. Kuna mwombaji, alisema, anatafuta eneo la shamba kubwa. Ameiona ramani, ameipenda ile njano. Atakuja na watu wake katikati ya Machi waone mpaka kabla ya kuandikishana. "Wewe tangulia, ukaandae kijiji. Utabiri wako umeanza kutimia, bwana."

Nilikwenda kama bwana harusi.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili. Lori liliniacha njiani, baiskeli nikaibeba begani badala ya yenyewe kunibeba mimi, nikafika kijijini nimejaa tope hadi kiunoni. Kijiji kilikuwa kimya. Nikapiga hodi nyumba ya kwanza. Mlango umefungwa kwa kamba. Nyumba ya pili, kamba. Ya tatu, mlango umeegemezewa kinu. Nikaenda kwa Mzee Ludovick: kamba. Uani majani yameota hadi kwenye kizingiti, majiko yana maji ya mvua. Nikasimama katikati ya njia nikagundua kitu kilichonisisimua nywele: hakuna jogoo. Kijiji kizima, asubuhi, hakuna jogoo hata mmoja anayewika.

Nikadhani wamekufa. Sisemi kwa utani. Nilifikiri ugonjwa umepita wamekwisha wote, na habari haijafika mjini kwa sababu ya barabara. Watu wote wale waliojaa darasani! Yule mzee aliyeniuliza kama nitakuwepo! Nilikuwa nimeshageuza baiskeli nikimbie nilipomwona mwalimu wa shule anatoka darasani na kikombe cha chai.

"Mwalimu," nikamwambia, "watu wako wapi?"

Akashangaa. "Wamehamia mpungani. Toka Desemba."

"Mpungani wapi?"

Akaonyesha kwa kikombe, kule chini, kwenye njano yangu. "Wewe si yule Bwana Mipango?"

Mzee Ludovick alikuwa amepanda kijijini siku ile kufuata chumvi na mafuta ya taa. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi za shule. Alinipa salamu, akanisaidia kuegesha baiskeli, tukashuka hadi mahali maji yalipoanzia, akaniingiza kwenye mtumbwi wake, akachukua upondo akaanza kusukuma.

Nimeona mambo maishani. Nimeona milima, nimeona bahari, nimeona mshahara wangu wa kwanza. Sijawahi kushtuka kama siku ile. Lile bonde jeusi lilikuwa kijani hadi upeo wa macho, mpunga umesimama ndani ya maji kama umechorwa na Mzee Kasiani kwa mduara. Na kila mahali, juu ya kila kile nilichokiita kichuguu, kulikuwa na dungu: kibanda cha nguzo kimeinuliwa juu ya maji, kimeezekwa nyasi, kina ngazi, na moshi unatoka. Dungu baada ya dungu baada ya dungu. Wanawake wanapalilia, maji magotini, wanaimba. Mitumbwi inapishana. Majogoo wanawika kutoka kwenye vibanda! Tulipita banda lenye msalaba wa miti juu yake, Mzee Ludovick akasema ni kanisa, katekista anasalisha kila Jumapili. Tulipita duka, ndiyo, duka, la sabuni na viberiti, juu ya nguzo.

"Mzee," nilimwuliza, "nyumba hizi Septemba zilikuwa wapi?"

"Tunazing'oa. Nguzo nzuri tunazipeleka nyumbani, ukiziacha moto unakula. Kuku tunawahamisha, vyungu tunahamisha. Tunaacha mafiga tu, mazito, na hakuna anayeiba figa la mtu." Akasukuma upondo mara mbili. "Nilikwambia usubiri nitoke kanisani."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililoniumiza.

Aliniteremsha kwenye dungu la Mama Gaudensia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia nipande, nguo zangu zikaanikwa juu ya moto, nikapewa khanga. Kwa hiyo mambo yote yaliyofuata, vijana wangu, niliyasikiliza nikiwa nimevaa khanga yenye maua. Wakaja akina mama wa madungu ya jirani kumtazama mgeni. Nilipewa ugali na kambare wa kukaushwa. Chini yetu, juu ya kilima cha udongo, niliyaona mawe matatu na chungu juu yake, nikayatambua.

Mama Gaudensia akaingiza mkono kwenye nyasi za paa, akatoa penseli nyekundu.

"Hii si yako? Niliikuta hapo chini kwenye figa, na karatasi ya biskuti. Nikasema, kumbe Bwana Mipango alifika mpaka kwangu. Akakaa jikoni kwangu akala, na hakubisha hodi."

Wakacheka. Nikacheka na mimi, kwa sababu uso lazima upate la kufanya.

"Sasa tuambie. Ulituandikaje?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na ujuzi wa kutosha. Lakini nilikuwa na khanga tu na kambare mdomoni.

"Niliandika hakuna mtu."

Hawakuelewa. Mmoja akauliza, "Hakuna mtu wa nini?"

"Niliandika kwamba kutoka kijijini hadi mtoni hakuna watu. Na yupo aliyesoma. Anakuja wiki ijayo kulitazama eneo apewe."

Kicheko kilichofuata sitakisahau. Kilianza kwa mmoja, kikawashika wote, wakapiga makofi, wakashikana mabega, dungu likatikisika. Halafu kikakatika kama kamba. Mama Gaudensia peke yake hakuwa amecheka.

"Mimi nimezaa watoto watatu katika bonde hili," alisema. "Wa katikati nilimzaa juu ya dungu, maji yamejaa, hapana pa kwenda. Mume wangu alikuwa analima kipande hiki na baba yake alilima. Mawe haya alibeba mama mkwe wangu kichwani, moja moja, siku tatu. Sasa wewe unaniambia mimi sipo. Mimi ni nani basi niliyekupikia?"

Nikaweka chini kipande cha kambare.

"Huyo anayekuja akipewa," akaendelea, "sisi tutakula nini? Kule juu ni nyumba tu, mwanangu. Kula ni huku."

Nikaomba nirudishiwe penseli niandike upya. Akaichomeka kwenye nyasi za paa pale pale.

"Hii itakaa hapa, na tukihama itahama na vyungu. Nenda kaandike kwa nyingine. Mtarudi ninyi, nilikwambia."

Nilishinda bondeni siku tatu. Mzee Ludovick alinipitisha dungu kwa dungu, na kila tulipofika niliuliza vitu nilivyopaswa kuuliza Septemba: unakuja mwezi gani, unaondoka mwezi gani, kuku unawaacha na nani, mgonjwa unampeleka wapi. Nawaomba myanakili maswali hayo. Ukitaka kujua watu watakuwa wapi miaka thelathini ijayo, jua kwanza wako wapi mwezi wa tatu. Na ukifika mahali ukakuta hakuna jogoo, usiandike kwamba hakuna watu. Uliza jogoo amehamia wapi.

Halafu nikarudi Ifakara kumkabili mkuu. Alikuwa anakunywa chai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe.

"Ripoti imeshapita. Unataka niseme nini mkoani? Kwamba afisa wangu ni kipofu?"

"Ndiyo, mkuu. Kwa mwezi wa Septemba."

"Na shahada yako?"

"Nayo haikuona kitu."

Alinifokea kwa haki kabisa, na baadaye akanipa barua ya onyo ambayo imo kwenye faili langu la kustaafu, kati ya cheti cha ndoa na picha za pasipoti. Lakini hakuwa mtu mbaya. Alisema, kama nasema kweli, wageni waione hiyo kweli kwa macho yao, na nisahihishe kwa maandishi, kwa jina langu, si kwa jina la ofisi. Niliandika waraka usiojaza ukurasa: kwamba mimi fulani, mwenye shahada fulani, nilikagua bonde katika mwezi ambao wenye bonde hawapo, sikumngoja mwenyeji, sikuuliza, na nililoandika si kweli.

Mzee Kasiani alitoa karatasi mpya. Alichora ramani ya kiangazi, halafu juu yake akaweka karatasi nyembamba inayoonyesha kilicho chini yake, akachora ramani ya masika: madungu, njia za mitumbwi, kanisa, duka. Ukiilaza juu ya ile ya kwanza unaona bonde mara mbili, kila moja kwa wakati wake. Sikuwahi kufundishwa hivyo chuoni. Alipomaliza akaipuliza, akasema, "Sasa msomi unaweza kutabiri."

Wageni walikuja, na mkuu wangu pamoja nao. Wanawake walikuwa wamejipanga kwenye madungu yao, kimya, wamevaa khanga za Jumapili. Mtumbwi wa mwombaji ulipita katikati ya mpunga kwa muda mrefu, hakuna aliyeimba. Alikuwa mtu mwenye akili zake. Alipofika kwa Mama Gaudensia alimwamkia, akatazama mbele, nyuma, akamgeukia mkuu wangu: "Nyie mliniambia ni patupu." Mkuu akaninyooshea mimi kidole. Nikainua mkono, kama shuleni. Mwombaji alirudi mjini, na ombi lake likaishia hapo.

Tungeishia hapo na mimi ningekuwa shujaa wa hadithi yangu, ila kulikuwa na zile nakala. Niliomba ramani ya njano iondolewe kila ilikokwenda. Niliandika barua nyingi. Wengine walijibu wameiondoa, wengine hawakujibu. Nilistaafu nikijua kwamba mahali fulani, ndani ya kabati fulani, njano yangu bado ipo, na rangi ya Mzee Kasiani ilikuwa haichujuki.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, simu yangu isiyo na waya iliita. Ni mmoja wenu, Anitha, binti mwenye adabu, amehamishiwa huku kutoka Mwanza. Aliniamkia vizuri. Alikuwa na furaha.

"Mzee, nimekupata! Nimeikuta ramani yako ya zamani kabatini. Ile ya rangi. Yaani mzee, utabiri wako umethibitika! Nimeilinganisha na picha ya setilaiti, bonde ni wazi kabisa kama ulivyosema. Ng'ombe tu walipita, na mto umepungua. Tunaiweka kwenye mpango wa 2050 kama ardhi ya akiba."

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa.

"Picha imepigwa mwezi gani, mwanangu?"

"Wa tisa. Inakuwa safi, haina mawingu."

"Na wewe ulikwenda mwenyewe?"

"Nilikwenda na pikipiki, mzee. Hakuna mtu. Nilikuta tu sehemu mawe matatu matatu, nadhani ya wavuvi. Kwetu Mwanza mawe si kitu, nikakaa hapo nikapiga picha."

Jasho lilinitoka mgongoni kama ule mchana wa malaria. Miaka thelathini, vijana! Jiwe lile lile, labda. Nilimwambia asipake rangi, asitume kitu kwa mtu, anipe siku moja. Halafu nikampigia Mama Gaudensia. Yu hai. Haoni vizuri, haendi tena bondeni, siku hizi anayehama na kuku ni binti yake. Simu anashikiwa na mjukuu.

"Shikamoo mama. Ni mimi, Bwana Mipango. Wamekuja tena."

"Marahaba. Wamekuja na karatasi?"

"Na karatasi, mama. Wanasema hakuna mtu."

"Walikuja mwezi gani?"

"Septemba."

Nilimsikia akicheka mpaka akakohoa, mjukuu akampigapiga mgongo. Nikangoja. Aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa imetulia kabisa, kama siku ile alipoketi sakafuni karibu na mlango wa darasa.

"Mwambie aje Machi," alisema. "Penseli bado iko kwenye paa."